Maharage Ndani ya Kabuti

"Kabuti yangu iko wapi?"

"Iko na kazi."

"Kazi gani? Mwenye kazi njo minyi, Ruffin. Kabuti iko na kazi gani?"

Léonie alisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, mikono kiunoni, na Ruffin akajua kwamba anachokitafuta kiko nyuma ya mgongo wa mkewe. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha asubuhi ile. Karakana ya reli ilikuwa na baridi, naye alikuwa amerudi mchana akitetemeka, tumbo tupu, akitaka vitu viwili tu duniani: nguo nzito na bukari, ugali wa moto. Akampita mkewe kwa ubavu, akavuta blanketi la kitanda. Pale alipozoea kulaza kichwa palikuwa na kikapu kikubwa. Ndani ya kikapu kulikuwa na kabuti la marehemu baba yake, lile la vifungo vya shaba ambalo mzee alilivaa miaka yote aliyoendesha treni. Na ndani ya kabuti, vifungo vikiwa vimefungwa mpaka shingoni kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, kulikuwa na sufuria.

"Usifunue!" Léonie alipiga kelele. "Ukifunua, moto inatoka!"

"Mama Nathalie. Uko napika maharagi mu kitanda yangu?"

"Siko napika. Inajipika. Nilichemusha asubui na moto ya makala kidogo, sasa inaendelea yenyewe. Ni économie."

"Bantu bote ba ku atelier ya reli banasema niko nanuka maharagi. Nilifikiri banazarau. Kumbe banasema kweli! Juzi chef, mukubwa wa kazi, alinisogelea, akanusa kabuti, akaniuliza: Ruffin, kwako leo banapika nini?"

"Ukajibu nini?"

"Nijibu nini! Hata minyi sijue tunakula nini mpaka ninuse nguo yangu."

Jikoni Nathalie, binti yao wa kidato cha juu, aliangua kicheko, kisha akakimeza haraka. Katika nyumba ile, siku zile, hata kicheko kilionekana kama kitu ambacho mama angeweza kuuliza kimegharimu nini.

"Na bukari?" Ruffin aliuliza, sasa kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Bukari ni ya mangaribi. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana! Weye ulisoma, sisi tulisikia."

"Baba Nathalie," Léonie alisema, "unataka nikuambie tena ni juu ya nani?"

Ruffin akakaa kitandani, kando ya chakula chake. Hakutaka kuambiwa. Ilikuwa juu ya mama yake.

Mama Mujinga alikuwa akiishi kijijini, upande wa Kaniama, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akimenya muhogo kwa kupapasa, na mara mbili alikuwa amejikata kidole. Sasa waganga wa macho walikuwa wamefika mjini kwao Kamina, kwenye hospitali ya masista, kwa juma moja tu. Atakayelipa na kuandikwa kabla ya Jumamosi saa sita mchana atapasuliwa. Atakayechelewa atangoja waganga warudi, na siku ya kurudi kwao hakuna aliyeijua. Ruffin na Léonie walikuwa wameamua jicho moja kwanza. Kesho, Jumamosi, bibi angefika na lori la mahindi.

"Na falanga ilitimia?" Ruffin aliuliza, akiwaza pesa ya jicho.

"Ilibaki kidogo," alisema Léonie, akafunika kikapu.

* * *

Léonie alikuwa na diploma ya usimamizi wa fedha kutoka chuo cha juu. Ilining'inia sebuleni ndani ya fremu yenye kioo, kati ya Moyo Mtakatifu na picha ya arusi, na wageni wengine walidhani nayo ni ya kuombewa. Diploma ile ilimfundisha kwamba matumizi ya nyumba yanapunguzwa bila kumwonea mtu haya. Basi Léonie akapunguza. Kila Jumapili baada ya Misa aliita mkutano wa bajeti wa watu watatu, akasoma maamuzi, akauliza kama kuna maoni, na kabla mtu hajafungua mdomo akafunga mkutano.

Mabaki ya sabuni yaliloweshwa, yakapondwa, yakafinyangwa kuwa sabuni mpya ya rangi ambayo haikuwa na jina. Dawa ya meno ilipoisha, alikata tyubu yake kwa mkasi akakwangua ndani, na siku ile nyumba nzima ilipiga mswaki kwa kilichokwanguliwa. Redio ilinyamazishwa ili betri zipumzike. Majani ya chai yalichemshwa mara ya pili, na ya tatu, mpaka Ruffin akauliza kama maji ya moto nayo yameingia kwenye bajeti. Halafu Léonie akajiangalia kwenye kioo, akaona kitu ambacho kila mwezi kinakula pesa bila kuzaa chochote: nywele zake. Msusi alidai chake, na mafuta yalidai yake. Akachukua mkasi uleule wa dawa ya meno.

Lakini adui mkubwa alikuwa makala, yale makaa ya jiko. Zamani jiko la Léonie ndilo lililowaka la kwanza kwenye avenue yao, na majirani walikuja na vipande vya bati kuomba moto. Sasa aliwasha kidogo kabla ya mapambazuko, akachemsha, akafunga sufuria ndani ya kabuti, akazima kwa majivu. Priscille, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja siku mbili mfululizo na bati lake, akakuta jiko baridi, akarudi bila kusema neno.

Jambo moja Léonie hakulisoma mkutanoni. Kile kikapu cha kuokoa makala alikinunua sokoni, na bei yake ilikuwa sawa na gunia la makala.

* * *

Ijumaa ile jioni, Nathalie alikwenda bombani. Yaliyosemwa huko, Léonie aliyasikia baadaye, neno kwa neno, na kila alipoyakumbuka alitamani ardhi imfunike.

"Nathalie, mwanangu," Priscille aliuliza akishusha ndoo yake, "kwenu iko nini? Moto hapana. Radio hapana. Mama yako alikata nywele yote."

Nathalie aliona haya. Kwenye foleni ya bomba walikuwapo wasichana wa shule yake, naye hakutaka kutamka neno économie mbele yao. Akatafuta jibu fupi.

"Ni juu ya kambo."

"Kambo wa Kaniama? Mama ya baba yako?"

"Njo yeye. Kesho asubui banamuleta na camion."

Priscille akaweka mkono mdomoni. Kisha akamshika msichana bega.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Asante," alisema Nathalie, aliyedhani anapewa pole ya ndoo.

* * *

Jumamosi asubuhi, Ruffin akiwa amekwenda na baiskeli kungoja lori, Léonie aliitayarisha nyumba kwa mgeni asiyeona. Alitoa viti vyote na meza sebuleni, bibi asije akajigonga, akavipanga uani. Alitandika mkeka na godoro sakafuni. Kisha, kwa kuwa wingu lilikuwa zito na maji ya bombani yanalipiwa, akapanda juu ya kiti na kuanza kufunga turubai kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo, ili maji ya mvua yateremke ndani ya pipa.

Alikuwa kwenye kona ya mwisho, kipande cha kamba mdomoni, aliposikia wimbo. Kina mama wa shirika, wale wa familia za Kikatoliki za avenue nzima, walikuwa wanaingia uani kwa mstari, vitenge vimefungwa kiunoni, mbele yao Mama Élisa, mkubwa wao. Mmoja alibeba mkeka, mwingine unga. Priscille alikuwa ameinama chini ya gunia la makala.

"Yooo! Mama eee!" wakalia.

Léonie akatazama nyuma yake kuona wanamlilia nani.

"Shuka, mama, shuka," alisema Priscille, akitua gunia na kumkumbatia miguu, maana miguu ndiyo iliyokuwa karibu. "Kufunga bâche ni kazi ya banaume. Weye lia tu."

"Nilie nini?"

"Mumuone! Anajikaza!"

"Ni masomo," alisema mmoja aliyekuwa akitandika mkeka. "Benye diplôme banaliaka ndani."

Wakamteremsha, wakamkalisha mkekani, wakampapasa kichwa chake cha kipara wakisikitika. Kila alipojaribu kuuliza, mtu alimwambia asichoke na maneno. Ndipo Mama Élisa akaweka katikati sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa noti zilionekana pembe.

"Njo kidogo tuliyopata," alisema. "Ya safari ya mama mukwe. Alikuwa mama ya bote."

Léonie akatazama viti uani, turubai, sebule tupu, jiko lililokufa, akajishika kichwa. Akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Nyumba aliyoibana kwa mwezi mzima ilikuwa imekamilika kuwa nyumba ya kilio. Haikukosa kitu isipokuwa mfu.

Alifungua mdomo aseme. Macho yake yakaanguka kwenye sahani, halafu kwenye gunia la makala, lililojaa mpaka shingoni. Kilichopungua kwenye pesa ya jicho kilikuwa pale, kimefunikwa kwa adabu. Nafasi ya mbele ya lori, kwa dereva, ndiyo iliyokuwa imeila pesa hiyo, kwa sababu hakutaka mama mkwe apande juu ya magunia. Saa sita haikuwa mbali. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza. Léonie alikuwa bado anatafuta neno la kuanzia, na tusimtetee, hakuwa analitafuta kwa bidii.

* * *

Ruffin alikunja kona akisukuma baiskeli, mama yake amekaa nyuma, kifurushi cha mahindi mapajani. Aliona turubai. Aliona viti vyake. Aliwasikia wanawake, akasimama palepale.

"Ruffin," alisema Mama Mujinga, sikio limeinuka. "Kilio iko kwetu?"

Mwanawe akaita jina la mkewe kwa sauti ya chini, na kwa bibi hilo lilikuwa jibu tosha. Akateremka mwenyewe. Akaweka mikono kichwani, akaingia uani akifuata sauti, akilia kama inavyopasa kuingia penye kilio, na jina alilolilia likawanyamazisha waimbaji mmoja mmoja.

"Léonie eee! Léonie wangu! Minyi kipofu njo nilipashwa kwenda mbele! Nilikuita mugumu! Nilisema ku mugini, ku Kaniama, muke wa mwanangu anafungaka mukono sawa anashika yai! Na chumvi ilikuwa inatoka kwako! Na blanketi ilitoka kwako! Nani atanikatia sabuni vipande-vipande sasa? Nani atanikatia sabuni, Léonie eee!"

Priscille alimwona marehemu amesimama uani na kifurushi cha mahindi. Alipiga yowe lisilo na maneno, akakimbilia ndani ya sebule tupu, akafunga mlango kwa komeo.

"Mama," alisema Léonie. Hakuna mtu aliyewahi kumlilia, hata kwa makosa. "Mama, niko hapa. Siko mufu."

Bibi akanyoosha mikono, akaupata uso wake, mikono ikapanda mpaka kichwani, ikasimama.

"Nywele ilienda wapi? Nani alikufa?"

"Hakuna. Ni falanga ya kusuka."

"Na hii bantu?"

"Banakuja kukulilia weye."

"Minyi?"

"Njo weye."

Mama Mujinga akafikiri kidogo.

"Banalia muzuri?"

"Banalia muzuri, mama."

"Basi mubaache bamalize."

Mtu mmoja akacheka, lakini hakucheka kwa muda mrefu. Dirisha la sebule likafunguka kidogo na kichwa cha Priscille kikatokea.

"Mutoto yenu njo alisema banamuleta! Na camion!"

"Si banamuleta?" alisema Nathalie, karibu kulia. "Hamumuone? Banamuleta!"

"Kuleta ni kuleta mufu! Muzima anakuyaka!"

Mama Élisa hakuwa na habari na kuja wala kuleta. Alikuwa amesimama, kitenge amekikaza, anamtazama Léonie usoni.

"Mama Nathalie. Tuliimba nyimbo mbili. Kinywa ulikuwa nayo. Juu ya nini haukusema?"

Uongo ulikuwepo karibu, tena wa kuaminika: hawakumpa nafasi. Nusu yake ilikuwa kweli. Léonie alimwona Ruffin akiinamisha uso, akijua tayari, kwa sababu alimjua mkewe.

"Niliona sahani," alisema. "Falanga ya kupasua jicho ya mama ilibaki kidogo. Niliona sahani, nikanyamaza."

Hapakuwa na aliyemwambia pole safari hii. Léonie akainama, akatoa kile kitambaa cheupe, akasogeza sahani mbele ya miguu ya kina mama.

"Hakuna mufu. Kila mumoja achukue yake."

Mkono wa kwanza ukashuka, ukachukua noti. Wa pili ukafuata. Mwanamke mmoja alizunguka sahani mara mbili akitafuta noti yake mwenyewe, yenye pembe iliyochanika, maana hakutaka kuonekana amechukua ya mtu. Léonie aliwatazama, na ndani ya mwezi ule wa kubana kila kitu, akakiona kitu kimoja alichokuwa amekibana kuliko makala, kuliko sabuni, kuliko chai. Kilikuwa neno. Hakuwahi kulitoa kwa mtu yeyote kwenye avenue ile, miaka yote. Majirani walikuja kuomba moto kwake. Yeye hakwenda kwa mtu.

"Mungoje," alisema. "Naomba."

Likatoka kwa shida, kama mwiba.

"Naomba, bamama. Si ya kuzika. Ni ya jicho moja ya huyu mama. Masista banafunga saa sita. Anayetaka, aache. Anayechukua, sitamuuliza kitu, na kesho tunasalimiana."

Kina mama wakatazamana. Yule wa noti iliyochanika akabaki nayo mkononi.

"Minyi, yangu siwezi kuirudisha ku nyumba," alisema Mama Élisa hatimaye, bado amekasirika. "Falanga yenye ilitoka juu ya mufu, unairudisha namna gani?"

"Mufu njo minyi," alisema Mama Mujinga, "na minyi nimekubali."

Hapo ndipo kicheko kilipozidi hasira. Noti ya pembe iliyochanika ikarudi sahanini. Mwanamke mmoja alichukua yake, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaaga vizuri, akaondoka, wala hakuna aliyemsema. Komeo likalia na Priscille akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye gunia lake, akalikumbatia.

"Makala narudisha. Makala ilikuwa ya kilio." Akalikokota mpaka mlangoni mwa ua, akageuka. "Falanga muache. Lakini kesho asubui nakuya kuomba moto, mama Nathalie. Nikute moto."

"Utakuta," alisema Léonie.

* * *

Hakungoja zaidi. Aliingia chumbani, akarudi na pesa za mwezi mzima zimefungwa kwenye kitambaa, akazimwaga sahanini juu ya zile za kina mama. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza na bibi alikuwa anatetemeka kwa kitenge chepesi cha safari.

"Nathalie, leta kikapu. Fungua kabuti."

"Mama, ulisema tukifungua, moto inatoka."

"Itoke."

Vifungo vya shaba vikafunguliwa. Mvuke ukapanda chini ya turubai, na maharage yalikuwa yameiva, laini, yote, jambo ambalo Léonie alijizuia kulitaja, ingawa alihakikisha sufuria inapita karibu na pua ya Ruffin. Nathalie akaachwa awapakulie watakaobaki. Léonie akamvisha mama mkwe lile kabuti, akamfunga vifungo mpaka shingoni, akamkalisha nyuma ya baiskeli. Ruffin akasukuma. Yeye akatembea pembeni, kichwa cha kipara wazi, sahani kifuani, na Mama Élisa akafuata nyuma na nusu ya kina mama, kwa sababu, alisema, walishatoka majumbani mwao kumsindikiza mtu, hawawezi kurudi bila kusindikiza. Njiani mwendesha pikipiki mmoja alivua kofia kwa heshima. Mama Mujinga, aliyeelezwa, akampungia mkono.

Sista wa mlangoni alikuwa ameshashika kitasa. Aliwaona wanawake, mikeka, kipara cha Léonie.

"Poleni," alisema taratibu. "Nani amefariki?"

"Hakuna," alisema Léonie, akaweka sahani mezani. "Andika: Mujinga. Kupasua jicho."

Sista akafungua kalamu. Kisha akanusa hewa, akanusa tena, akamtazama mgonjwa ndani ya kabuti.

"Mgonjwa amekula?"

"Bado," alijibu Mama Mujinga. "Kwa huyu muke wa mwanangu tunaanzaka na kunusa."

"Na jicho ni lipi, mama?"

"La kulia," alisema Léonie.

Nyuma yake kina mama, ambao asubuhi ile walitoka nyumbani kwa ajili ya kulia, wakaangua kicheko wakashikana mabega, na sista, asijue wanacheka nini, akaandika.